Wanajeshi Walipokuja Kuulizia Taa

Harufu ya turubai lililoshinda juani hunifanya nitafute kiti cha nje. Majirani zangu hapa Mumbuni wameshanizoea. Kukiwa na harusi au matanga, wao hujibanza kivulini chini ya hema, mimi nabaki juani na leso kichwani kama muuza nyanya. Wakiniuliza, nawaambia niko na pumu. Sina pumu yoyote. Ile harufu ya mafuta, vumbi na kitambaa kilichopikwa na jua ndiyo iliyojaa kwenye lori lililomleta mjomba wangu Kioko nyumbani, na ndiyo iliyorudi kijijini kwetu miaka michache baadaye, wanajeshi walipokuja kuulizia taa. Habari za ile taa nimezisikia zikisimuliwa hata na watu ambao hawakuwa wamezaliwa, na wote wanaziharibu. Wacha niwaambie vile ilikuwa.

Kwetu ni nje kidogo ya Kithimani, upande wa mfereji. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, kaka yangu Mutua aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, na mimi Mwende, mtoto wa darasa la nne mwenye mdomo wa darasa la nane. Baba alifanya kazi kiwandani Athi River, tukimwona mwisho wa mwezi. Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea kuisha.

Mutua alitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa askari wa jeshi. Hakuwa peke yake. Ukambani, kijana mwenye miguu mizuri na meno kamili huwa ameshapigiwa hesabu ya jeshi hata kabla hajaota ndevu. Lakini Mutua hakuwa na mchezo. Aliamka alfajiri akakimbia hadi mferejini, akarudi na jerikeni la maji kila mkono, bila kumwaga. Mama alimwangalia akihema pale uani, akaendelea na kazi zake. Siku moja tu ndiyo nilimsikia akisema, "Jeshi lilishakula mmoja kwa mama yangu. Hapa kwangu halitakula."

Huyo mmoja ndiye Mjomba Kioko, ndugu yake mdogo, ambaye Mama alimlea mgongoni. Alipelekwa nchi ya mbali kulinda amani ya watu wengine, akarudi ndani ya sanduku lililopigwa misumari, pamoja na amri kwamba lisifunguliwe. Mama aliomba aonyeshwe hata mkono peke yake. Afisa akamwambia pole mama, haiwezekani. Basi tukazika sanduku. Kwa muda mrefu baada ya hapo, akipita mwanamume mwenye mabega kama ya Kioko sokoni, Mama aliacha viazi vyake chini akamfuata mpaka amwone uso. Mimi nilikuwa nikibaki nalinda viazi.

Na lazima niseme kitu kingine kumhusu, la sivyo hamtanielewa. Mama hakuwa mtu wa kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Sikukuu ya mavuno moja, kanisani walimsifu kwa maboga makubwa aliyoleta. Akasimama katikati ya ibada akatangaza kwamba mawili kati ya yale ni ya jirani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza! Mimi nikiongopa kidogo alisema, "Njia ya mwongo ni fupi," halafu akatafuta fimbo ya kuifupisha zaidi.

Taa ilionekana mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Kwetu Agosti ni mawingu na baridi ya kuingia mifupani, lakini jioni hiyo anga ilikuwa imefunguka. Tulikuwa tumekula muthokoi, mimi nikikwangua sufuria kutafuta yale mahindi yaliyoungua, maana ndiyo matamu. Mama akatoka kumwaga maji ya vyombo. Tukamsikia akiita, "Mutua! Mwende! Tokeni muone!" Haikuwa sauti ya hofu. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyefikiwa na mgeni na hana majani ya chai.

Juu ya bega la mlima wa Kilimambogo palikuwa na taa. Ilikuwa nyeupe, na pembeni ina ukijani kidogo, kubwa kuliko nyota na ndogo kuliko mwezi. Ndege tulizijua, zilipita kila siku zikishuka Nairobi, zikipepesa na kunguruma. Hii haikupepesa wala kunguruma. Ilikaa tu pale. Baadaye ikaanza kuteleza polepole kuelekea Matuu, ikasimama, ikashuka kidogo, kisha ikazimika ghafla. Mutua alikuwa amenyoosha mkono akiipima kwa kidole gumba, vile mwalimu wa jiografia alivyowafundisha. Mbwa wetu hata hakuinua sikio. Mama alikuwa bado ameshika karai tupu. "Mungu ana kazi nyingi," akasema, tukaingia ndani kulala.

Ikaonekana tena jioni nyingine, na nyingine. Kufikia siku ya soko, Kithimani nzima haikuwa na habari nyingine. Muuza mitumba mmoja aliapa kwamba ilimfuata kutoka Matuu mpaka mlangoni kwake. Mama mmoja wa kanisa letu alisema ni Bwana anakaribia kurudi, akaacha kupalilia. Wengine walisema ni ndege ya nchi fulani imeanguka nyuma ya vilima, na nadhani hiyo ndiyo iliyofika masikioni mwa serikali, kwa sababu wiki iliyofuata malori mawili ya kijani yaliingia uwanja wa shule yetu, na Land Rover moja mbele.

Sasa ndugu zangu, mjue kwetu lori la jeshi lina maana moja tu. Linakuja kuandikisha vijana. Kabla lori la pili halijazima injini, vijana wa kijiji walikuwa wameshavua mashati na viatu. Hakuna aliyewaita. Walijipanga wenyewe, wakaanza kuzunguka uwanja mbio, kifua mbele, vumbi likipanda hadi kwenye madirisha ya madarasa. Mutua alikuwa wa mbele. Hata Nzioka, aliyekuwa na watoto wawili na tumbo la pombe ya muratina, alikuwa humo akichechemea. Akina mama walipiga vigelegele, wazee wakawa wanahesabu nani anaachwa nyuma.

Aliyekuwa mkubwa wa wale wanajeshi alikuwa kapteni mmoja mrefu, mtu wa Pwani. Alishuka akasimama mikono kiunoni, akatazama zile mbio, akamuuliza chifu, "Hawa vijana wamefanya kosa gani?"

Chifu akamweleza. Kapteni akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akapanda kwenye kiti cha darasa akatuambia kwa kile Kiswahili chake laini, ambacho wazee wetu walikisikiliza kama redio, kwamba hakuja kuandikisha mtu. Amekuja kupata habari za ile taa tu, na anaomba kila aliyeiona aje amweleze alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza.

Mnafikiri kuna aliyemwamini? Hata mmoja! Watu waliangaliana wakatabasamu. Jioni hiyo kila jiko lilikuwa limeshafumbua fumbo: serikali ni janja, imekuja kwa mlango wa nyuma. Inatafuta vijana wenye macho makali. Atakayesema ameona vizuri zaidi, huyo ndiye atapanda lori. Hata Mama aliamini hivyo, tena yeye ndiye aliamini kuliko wote. Alikaa jikoni usiku huo hakutia kitu mdomoni. Mutua akapiga pasi shati lake la shule.

Kesho yake hema la turubai lilikuwa limesimamishwa karibu na goli, na ndani yake dawati letu la shule likiwa na ramani juu. Kapteni alitaka kusikiliza watu mmoja mmoja kwa faragha, lakini faragha kwetu ilikuwa nini? Kijiji kizima kilikaa kwenye nyasi kikasikiliza na kumsahihisha anayesema. Wa kwanza aliona taa moja. Wa pili, kuona wa kwanza ameulizwa maswali machache, aliona mbili. Kufikia saa nne taa zilikuwa na madirisha, na ndani ya madirisha kulikuwa na watu waliovaa makoti. Mama mmoja alimsukuma mwanawe mbele akisema huyu huona hata mchana. Kapteni aliandika, akaacha kuandika, akawa anajikuna tu shingo.

Ndipo akaingia Mutua. Alisimama wima, akaeleza. Taa ilianzia bega la kushoto la Kilimambogo, ukisimama uani kwetu. Upana wake ulikuwa chini ya kucha ya kidole gumba. Haikuwa na sauti. Iliteleza kwenda Matuu, ikasimama, ikashuka, ikazimika bila kufifia. Kapteni alimuuliza maswali ya kumtega, akayajibu, na asichojua akasema hajui. Kapteni akavuta ramani karibu, akamwita aje aonyeshe kwa kidole. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Kijana, wewe una macho, na una kichwa pia," akasema. "Kesho utatuongoza huko milimani. Ulikuwa na nani ulipoiona?"

"Na Mama, afande."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Kwa watu wetu, Mutua alikuwa ameshavaa buti. Mtu akakimbia shambani kumwita Mama, na njiani, najua, alimweleza kila kitu kwa furaha.

Mama alifika na jembe begani, udongo mpaka magotini. Kapteni akamwambia, "Shikamoo, mama." Mama, ambaye hakuwa amewahi kuamkiwa hivyo na mtu wa bunduki, akajibu, "Mzuri." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kijana wako ametueleza vizuri sana," kapteni akasema. "Sasa tungependa kusikia kwako. Uliona nini?"

Mama akaliangalia lile hema. Akaliangalia lori. Akamwangalia Mutua, alivyosimama mikono ubavuni na kidevu juu, akimngoja aseme.

"Mimi sikuona kitu," akasema.

Nilisahau kufunga mdomo. Lakini nani huuliza kasichana ka darasa la nne?

"Hukuona taa, mama?"

"Hapana. Huyu mtoto ni mgonjwa. Ako na kifafa tangu akiwa mdogo. Kikimshika anaona vitu. Ni yeye alisema kuna taa, sisi tukakubali tu ili asisumbuke."

Waliokuwa karibu na Mutua wakasogea pembeni. Mutua hakuwa na kifafa. Hakuwahi kuugua chochote zaidi ya malaria na tamaa ya jeshi. Na mjue, siku hizo kifafa hakikuwa ugonjwa wa kwenda nacho hospitali na kupewa dawa. Watu kwa ujinga wao walikiogopa kama laana, wakitenga hata kikombe cha mgonjwa.

Kapteni akamgeukia Mutua. "Ni kweli?"

Angesema hapana, mambo yangeishia hapo. Mimi nilikuwepo, nilijua. Neno moja tu. Nilimwona akivuta pumzi, nikasema moyoni sasa anasema. Akamtazama Mama. Akaitazama mikono yake, ilivyoukamata mpini wa jembe. Kisha akashusha kidevu.

"Kama Mama amesema, ni hivyo, afande."

Kapteni akamwambia kwa upole aende nyumbani apumzike. Mama akageuka akarudi shambani, na Mutua akaenda njia nyingine. Niliwaangalia wote wawili nisijue nimfuate nani, nikaishia kukaa chini pale nyasini nikalia.

Kiongozi wa wanajeshi akawa Nzioka. Aliwapandisha vilima na kuwateremsha, akawaonyesha mahali palipoungua ambapo taa, kwa maneno yake, ilitua kujipasha moto. Palikuwa tanuri la makaa la mzee mmoja wa huko, na yule mzee, kuona jeshi zima limezingira makaa aliyochoma bila kibali, alikimbilia kwa binti yake Matuu na kukaa huko mpaka msimu wa mvua. Wanajeshi wakachota majivu kwenye mfuko wa plastiki, wakafunga vizuri, wakaandika kitu juu yake. Wakang'oa hema, wakampa Nzioka mkebe wa nyama, wakaenda. Hawakuandikisha mtu yeyote. Hawakurudi, wala hatukuambiwa taa ilikuwa nini. Kapteni alikuwa amesema ukweli tangu mwanzo.

Kwa hiyo mnaona, uongo wa Mama siku ile haukuwa na kazi. Kazi yake ulikuja kuifanya baadaye. Mwaka uliofuata walikuja kuandikisha kweli, uwanjani Machakos, na Mutua akaenda. Alikuwa kwenye mstari, hajavua hata shati, naibu wa chifu wetu alipomnong'oneza afisa. Wakamtoa. Alirudi jioni kwa miguu kutoka barabarani, akakuta Mama amechinja jogoo. Jogoo wa kumpongeza mtu aliyeshindwa, wapi na wapi? Mutua akaketi akala, akanawa mikono, akasema asante. Wiki hiyohiyo alimfuata Baba Athi River, akajifunza kuchomelea vyuma. Miaka mingi alikuwa akija nyumbani na sukari na majani ya chai, anasalimia, anaondoka siku hiyohiyo. Mimi nilimkasirikia Mama kwa niaba yake. Nilikasirika mpaka nikamaliza shule ya upili.

Na kuna jambo jingine lililoanza baada ya wale wanajeshi kuondoka. Jumapili za meza ya Bwana, mkate na kikombe vikifika kwenye benchi letu, Mama alivipitisha kwa jirani bila kugusa. Mchungaji alimuuliza, akajibu, "Bado." Akaja mchungaji mwingine, akamwuliza, naye akaambiwa bado. Mimi kwa akili zangu za utoto nilidhani haipendi ile juisi. Nilipokua kidogo nikadhani anajiadhibu. Wote wawili, mimi wa utoto na mimi wa ujana, tulikosea.

Aliniambia mwenyewe alipokuwa amelazwa kitandani, mwaka wake wa mwisho. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni, nikamwuliza waziwazi kwa nini hajawahi kutubu ule uongo mdogo arudi mezani kama watu wengine.

"Kutubu ni kujuta, Mwende," akasema. "Mimi nikimwona Mutua anakula, sijuti. Sasa nitamwambia Mungu nini, nimdanganye na yeye?"

Nilimaliza kupaka miguu nikatoka nje, kwa sababu sikutaka anione.

Mchungaji alikuja Jumamosi moja na kile kikapu kidogo cha wagonjwa, chenye mkate na kikombe. Mutua alikuwa amefika tangu asubuhi, mzee mzima sasa, mwenye watoto wanne na makovu ya cheche mikononi. Mama akatikisa kichwa. "Bado," akasema, ingawa sisi sote mle chumbani tuliona kwamba hakuna bado nyingine.

Mutua akavuta kiti mpaka kando ya kitanda. Akamgeukia mchungaji, akaongea kwa ile sauti ya kusimama wima.

"Mchungaji, Mama yangu hajawahi kusema uongo. Mimi nilikuwa mgonjwa siku hizo. Hakukuwa na taa yoyote."

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba pale uwanjani Mutua alinyang'anywa kitu, akakubali kwa aibu. Nilipomsikia akisema vile, ndipo nilipoelewa kwamba hakunyang'anywa. Aliona mikono ya Mama ilivyoukamata ule mpini, akampa mwenyewe.

Mama akamgeuzia uso. Kisha akacheka, kicheko chembamba kilichomtoa kikohozi, tukamwinua kidogo kwa mito.

"Mwongo wewe," akamwambia, akanyoosha mkono kupokea kikombe.